Ukanda wa Arobaini na Moja

Kila mahojiano yalimalizikia kwenye korosho tano. Dkt. Lenah Nthenya alizitoa katika kikopo cha filamu ya kamera, akazipanga mkekani kwa mstari mmoja, kisha akaeleza: ukiwa na hakika kabisa na uliyoyasema, nisogezee zote, ukiwa huna hakika hata kidogo, usisogeze hata moja. Mwanzoni alikuwa amejaribu kutumia namba, zikamgomea. Mtu akiulizwa hakika yake ni ngapi kwa tano, alimtazama kama aliyeulizwa uzito wa kivuli. Korosho zilieleweka. Zilikuwa mbichi, na maganda yake, asije akatokea wa kuzitafuna.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu, Juni 1999, Mwanaima alizisogeza zote tano kabla maelezo hayajaisha.

"Ungekuwa na nyingine ningezisogeza pia," alisema.

Walikuwa wameketi uani kwa Boga, kaka yake Mwanaima, pale Mwabungo. Mwanaima alikuwa akiishi hapo tangu mumewe alipomwacha. Lenah aliandika "5" kwenye hojaji, akaitazama ile ya mwaka uliopita iliyokuwa chini yake. Mwaka uliopita mwanamke huyu alisogeza korosho tatu, na alitaja dalili tatu za mbwa. Mwaka huu alikuwa ametaja dalili zote kumi na mbili.

Utafiti wenyewe ulitokana na vurugu za Agosti 1997. Watu wa bara waliposhambuliwa wakakimbia Likoni, Ukunda na vijiji vya karibu, walibeba magodoro, masufuria na watoto. Mbwa waliachwa. Waliokuwa wakiwafuga walikuwa hasa wao. Majirani zao Wadigo, kwa kuwa ni Waislamu, hawakuwa na desturi ya kufuga mbwa wala hawakutaka mate yake yawaguse. Kufikia mapema mwaka 1998 mbwa hao walikuwa wakitembea kwa makundi kwenye majaa ya taka nyuma ya mahoteli ya Diani, na watu wakaanza kuumwa.

Lenah alikuwa mhadhiri wa saikolojia Nairobi, lakini alizaliwa Shimba Hills, kwa wazazi Wakamba waliopewa shamba huko katika miaka ya sitini. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani. Jina lake halikuwa. Swali la utafiti wake lilikuwa jepesi kulitaja: mtu aliyeumwa, au aliyeshuhudia mwanawe akiumwa, hukumbuka nini juu ya tabia za mbwa yule, na kumbukumbu hiyo inakuwaje mwaka ukipita? Aliorodhesha tabia kumi na mbili: mkia, masikio, mate, taya, sauti, mwendo, namna ya kunywa maji, na kadhalika. Aliwahoji watu sitini na wanne ndani ya wiki mbili tangu kuumwa, akawarekodi kwenye kaseti. Sasa alikuwa amerudi kuwahoji tena kwa maswali yale yale.

Kanuni ya kwanza ya kazi hiyo ilikuwa kwamba mhoji hamwongezei mhojiwa kitu. Hamsahihishi, hamshangai, hamuungi mkono. "Sisi ni ukuta," alimwambia msaidizi wake, Jethro, siku alipomwajiri. "Ukuta unasikia, basi."

Matokeo yalikuwa mazuri kuliko alivyotarajia. Mbwa aliyeuawa kwa mawe alizidi kuwa na kichaa kila mwezi uliopita. Mtu aliyesema mwaka 1998 kwamba mbwa alikuwa amelala tu kando ya njia, mwaka 1999 alikumbuka povu na macho mekundu. Kumbukumbu, Lenah aliandika katika daftari lake, hulitetea jiwe lililokwisha kurushwa. Alipenda sentensi hiyo kiasi cha kuifuta, kwa sababu haikuwa na takwimu.

Mwanaima alikuwa mhojiwa wa arobaini na moja. Binti yake Kadzo, wa miaka minane, aliumwa kifundoni tarehe sita Mei 1998 na mbwa aliyeitwa Bosko. Mwenye mbwa alikuwa Makau, mtunza bustani wa hoteli, aliyekimbilia kwao Makueni wakati wa vurugu akamfungua mnyororo mbwa wake na kumwacha kiwanjani. Kadzo alikuwa na mazoea ya kumrushia Bosko ukoko wa sima kupitia ua wa makuti. Lenah alifika siku sita baada ya kuumwa, akamhoji mama. Tarehe ishirini na tatu Juni, Kadzo alifariki Msambweni kwa kichaa cha mbwa. Kwa siku mbili za mwisho hata kikombe cha maji kilimtia hofu.

Wahojiwa wengine wote wa Lenah walikuwa hai, wao na watoto wao.

"Nimekueleza dalili zote, kwa sababu niliziona zote," Mwanaima aliendelea, ingawa mahojiano yalikuwa yamekwisha. "Mtu mwenye macho angeziona. Na mimi sina wa kumlaumu, daktari, kwa maana wewe uliniambia. Ulisimama pale mlangoni kwangu, umeishika hiyo kofia yako nyekundu ya pikipiki, ukasema, 'Mama Kadzo, mpeleke mtoto Msambweni leo hii akadungwe sindano.' Nami nikasema ninamngoja babake."

Lenah hakushangaa kusikia hivyo. Naye alikumbuka hivyo. Alikumbuka hata mwangaza wa pale mlangoni. Siku ya tatu ya matanga alikwenda kutoa rambirambi, akaketi mkekani na wanawake wa upande wa mume, na mmoja alipomuuliza kama kuna ambalo lingeweza kufanyika, alijibu kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amemwambia mama ampeleke mtoto hospitali. Hakusema kwa ubaya. Ulikuwa ukweli, na aliulizwa.

Ukweli huo ulitembea. Wiki hiyo hiyo ulimfikia Dzombo, baba wa Kadzo, aliyekuwa mkata matofali ya mawe katika machimbo ya Mwabungo. Kabla mwaka haujaisha, Dzombo alimwacha mkewe. Binti yao wa pili, Mwanasha, mwenye miaka mitatu, alibaki kwa mama yake Dzombo. Wazee wa pande mbili waliketi wakakubaliana kwamba mwanamke aliyeambiwa na daktari akapuuza hawezi kuachiwa mtoto mwingine. Boga mwenyewe alikubali. Hakuwa na la kutetea.

Haya yote Lenah aliyajua, akayaandika katika sehemu ya "mengineyo". Kilichomsumbua asubuhi ile kilikuwa kofia.

Kofia nyekundu ilikuwa pale kando ya mkeka, na stakabadhi yake ilikuwa kwenye faili la matumizi ya utafiti: Februari 1999, duka la vipuri, Ukunda. Mwaka uliopita pikipiki ilikuwa na kofia moja tu, nyeusi, ya Jethro. Lenah alipanda nyuma amejifunga kitambaa. Basi hiyo kofia haikuweza kuwepo mlangoni Mei 1998.

Kosa moja katika kumbukumbu halina maana kwamba kumbukumbu yote ni kosa. Hivyo ndivyo alivyofundisha darasani. Lakini alifundisha pia kwamba kosa likionekana, mtu huenda kwenye chanzo. Chanzo kilikuwa kaseti, katika sanduku la bati chini ya kitanda chake Ukunda.

Alifika saa saba mchana, akafunga dirisha kwa sababu ya kelele za kinu cha kusaga, akautia ukanda wa arobaini na moja kwenye kinasa sauti. Hakuwahi kuusikiliza. Kanda zote zilipelekwa Nairobi, karani akachapa majibu kulingana na namba za maswali, na maneno ya nje ya maswali hayakuchapwa.

Dakika ya saba Mwanaima alisikika akimweleza Bosko: mate yalikuwa yakimtoka kama uzi, taya lilikuwa limemlegea hawezi kulifunga, sauti haikuwa yake, alibweka kama mtu aliyekabwa. Mtu yeyote aliyesoma nusu ukurasa juu ya kichaa cha mbwa angezitambua dalili hizo, na Lenah alikuwa amesoma vitabu. Kwenye ukanda alisikika akisema, "Ehe. Endelea."

Dakika ya kumi na tisa Mwanaima alieleza walichomfanyia mtoto. Walikiosha kidonda mara saba, mara ya kwanza kwa mchanga, kama sheria inavyotaka mtu akiguswa na mate ya mbwa. Mama mkwe ndiye aliyehesabu. "Sasa yu safi," Mwanaima alisema, na katika sauti yake mlikuwa na utulivu wa mtu aliyetimiza jambo kwa ukamilifu. Lenah alijibu, "Asante."

Hapo aliusimamisha ukanda. Alijua kwa nini alisema asante. Ilikuwa miezi tisa tu tangu vurugu. Mwanamke Mkristo, mwenye jina la Kikamba, kumwambia mwanamke wa Kidigo uani kwake kwamba maji na mchanga wa dini yake vimeondoa najisi lakini havikuondoa ugonjwa, lilikuwa jambo ambalo Lenah mwenyewe aliliandika katika mwongozo wa kazi: mambo ya ibada yasiguswe. Aliandika kwa heshima. Alijisifu kwa kuandika hivyo.

Dakika ya ishirini na sita ilisikika sauti ndogo, karibu sana na kinasa sauti.

"Hiyo mashine inakula betri ngapi?"

"Nne," alijibu Lenah kwenye ukanda.

"Kubwa au ndogo?"

"Kubwa."

Kisha mama akamwita mtoto asogee, asimsumbue mgeni. Yakafuata maswali mawili, korosho, "Asante, Mama Kadzo, tutarudi mwakani," "Inshallah," na kitufe kikabofywa. Dakika thelathini na moja. Katika muda huo wote, habari pekee ambayo Dkt. Lenah Nthenya aliwapa watu wa nyumba ile ilikuwa idadi ya betri.

Bado kulikuwa na uwezekano kwamba alisema baada ya ukanda kuzimwa. Aliukumbuka mlango. Alimkuta Jethro nje, akiosha mnyororo wa pikipiki kwa mafuta ya taa, akamuuliza.

"Uliniambia mimi, Madam," Jethro alisema. Hakuinua macho. "Tulikuwa tumefika barabarani. Ulisema yule mtoto anafaa apelekwe Msambweni leo. Nikakuuliza kama umemwambia mamake. Ukasema sisi hatuingilii."

"Una hakika?"

"Nilete korosho?"

Hakuwa akitania sana. Aliingia ndani akatoka na daftari lake la safari, akafungua tarehe kumi na mbili Mei 1998. Saa nne na dakika arobaini na mbili, ukanda umezimwa. Saa nne na dakika arobaini na nne, tumeondoka. Chini yake, kwa mwandiko wa mtu anayeandikia juu ya goti: *Madam asema mtoto apelekwe hosp. Hatujasema kwa wenyewe.*

"Ulikuwepo matangani niliposema nilimwambia," alisema Lenah. "Mbona ulinyamaza?"

"Nilidhani siku nyingine ulirudi peke yako ukamwambia." Jethro alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. "Halafu, Madam, wewe ndiye mwenye kujua mambo ya kukumbuka. Mimi ni dereva tu na kuandika saa."

Lenah aliyajua maelezo ya kitaalamu. Mtu akiwaza jambo mara nyingi kwa undani, akilisema kwa mwingine, akilitamani liwe limetokea, baada ya muda hushindwa kutofautisha alilolitenda na alilolipanga kulitenda. Alikuwa na mhadhara mzima juu ya hilo. Aliutoa kila mwaka muhula wa pili, kwa mifano ya watu wengine.

Alimpigia profesa wake Nairobi kutoka kibanda cha simu karibu na posta. Profesa alisikiliza kwa makini, akasema ni kisa cha thamani lakini hakitumiki, kwa sababu mhoji amekichafua. Kiondolewe. Na mhojiwa asiambiwe lolote hadi mahojiano ya tatu yapite, mwaka 2000. Akisahihishwa sasa, vijiji vya jirani vitasikia, na sitini na watatu waliobaki wataanza kutilia shaka walichokumbuka. Lenah alisema kuna mtoto ambaye anazuiliwa asirudi kwa mama yake kwa sababu ya sentensi ambayo haikusemwa. Profesa akauliza kama hilo liko ndani ya malengo ya utafiti. Hakuuliza kwa ukatili. Lilikuwa swali ambalo Lenah angemuuliza mwanafunzi wake.

Alikwenda kwa Boga jioni ya siku ile ile kabla jua halijashuka, akamweleza. Boga alikuwa mtu mzito wa maneno. Alimfanya arudie mara tatu, kisha akasema: "Basi dada yangu ameachwa kwa jambo ambalo halikuwako."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaketi pale nikaitikia."

Kesho yake Boga alikwenda kwa ami yake Dzombo, aliyekuwa mkubwa wa upande ule, na wakapatana. Ijumaa baada ya sala watakutana nyumbani kwa mama yake Dzombo. Daktari aje na ukanda wake. Ami alisema wazi: ikithibitika kwamba Mwanaima hakuambiwa, Mwanasha ataondoka na mama yake siku hiyo hiyo. Mama yake Dzombo, alisema Boga, alikwisha kuanza kuzikunja nguo za mtoto, huku akinung'unika.

Ijumaa ile Lenah alifika na Jethro, wakapiga hodi, wakakaribishwa mikekani barazani. Lenah alimwamkia ami shikamoo, akamwamkia mama yake Dzombo, akaitikiwa marahaba kwa ukamilifu. Dzombo aliketi kwenye ngazi, vumbi jeupe la mawe likiwa bado limemkaa kwenye nywele. Mwanaima aliketi nyuma ya kaka yake, leso kichwani, kama mgeni katika nyumba aliyoipikia miaka tisa. Mwanasha hakuwepo, alikuwa amepelekwa kwa jirani hadi mambo yakamilike.

Lenah alisema aliyokuja kusema, bila kuyapamba. Alisema matangani alitamka jambo ambalo si kweli, na aliliamini alipolitamka. Alisema ana ukanda na ana daftari. Kisha akabofya kitufe.

Walisikiliza wote dakika thelathini na moja. Mama yake Dzombo alisikia jinsi alivyohesabu maji mara saba, akatikisa kichwa kukubali. Sauti ya Kadzo ilipouliza juu ya betri, Dzombo aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi ilipokuwa imepita. Kisha kitufe kikabofywa.

Mama yake Dzombo ndiye aliyeanza. "Mwanangu, wewe mwenyewe uliketi hapo, siku ya tatu, ukasema ulimwambia. Nilikusikia kwa masikio haya."

"Ni kweli nilisema, mama. Nilikosea."

"Yaani mwaka jana, jambo la mwezi na nusu, ulilikumbuka vibaya. Mwaka huu, jambo la mwaka mzima, ndipo umelikumbuka vizuri?"

Ami alicheka puani, akajizuia.

"Silikumbuki," alisema Lenah. "Ninasikiliza ukanda, kama nyinyi."

"Ukanda huzimwa," alisema Dzombo.

Jethro alisoma daftari. Dakika mbili kati ya kuzimwa kwa ukanda na kuondoka. Alisoma pia mstari wa mwandiko wa goti. Dzombo alimuuliza mshahara wake hulipwa na nani, Jethro akasema na Madam, na Dzombo hakuuliza tena. Kuhusu zile dakika mbili, alisema ni nyingi. Yeye katika dakika mbili humaliza upande mzima wa tofali. Lenah hakuweza kumpinga. Alikuwa amejipima mwenyewe chumbani kwa saa ya mkononi: sentensi ile ilichukua sekunde tano.

Akaeleza habari ya kofia. Alitoa stakabadhi, ikapita mkono kwa mkono, na ami akaisoma kwa kuisogeza mbali na macho. Ilikuwa ushahidi bora kuliko wote aliokuwa nao, na alipokuwa akiueleza aliona nyuso zikijifunga moja baada ya nyingine.

"Nyekundu, nyeusi," alisema mama yake Dzombo. "Kofia haikumuua mtoto."

Ami alimrudishia Lenah karatasi yake kwa adabu. Kisha akageuka.

"Mwanaima. Ukanda tumeusikia, daftari tumelisikia. Lakini aliyekuwa pale ni wewe. Hapa hatumhukumu mtu. Tunataka neno lako tu, tulishike. Uliambiwa, au hukuambiwa?"

Boga aliinama kidogo mbele. Kila mtu barazani alijua kwamba mlango umefunguliwa, na kwamba ami ameufungua kwa makusudi. Hata mama yake Dzombo alitazama pembeni. Lenah alikuwa amewahoji watu mia na zaidi katika maisha yake ya kazi, na hii ilikuwa mara ya kwanza kutamani mhojiwa atoe jibu fulani.

Mwanaima aliivuta leso yake mbele.

"Nimeusikia ukanda," alisema. "Na daktari ninajua anataka kunisaidia, Mungu atamlipa. Lakini msinifanye niseme uongo juu ya mwanangu aliyekufa, nipate kwa huo uongo mwanangu aliye hai. Niliambiwa. Ninamwona alivyosimama."

"Mama Kadzo," alisema Lenah.

"Ninakuona, daktari. Ulikuwa umechoka. Uliihamisha kofia toka mkono huu hadi huu."

Ami alingoja, labda aone kama atarudi nyuma. Hakurudi. "Basi," alisema, na akaagiza kahawa iletwe, kwa sababu wageni hawaondoki hivi hivi. Walikunywa. Mama yake Dzombo aliingia ndani, na kupitia mlango ulio wazi Lenah alimwona akizikunjua nguo za Mwanasha, moja moja, akizirudisha kambani.

Njiani Boga alitangulia kwa hatua ndefu. Mwanaima alibaki nyuma na Lenah. Walipofika penye uwazi, karibu na kiwanja cha Makau ambacho sasa kilikuwa kimemea magugu hadi dirishani, alimuuliza kama anaweza kupewa ukanda ule. Hakuwa na picha ya Kadzo. Hakujua kwamba sauti yake imehifadhiwa mahali.

Kanda za utafiti hazitolewi. Hilo lilikuwa limeandikwa katika ukurasa wa pili wa mwongozo, na Lenah ndiye aliyeuandika. Aliutoa ukanda kwenye kinasa sauti akampa.

"Yeye yuko wapi humu, mwanzo au mwisho?"

"Dakika ya ishirini na sita. Karibu na mwisho."

Mwanaima aliugeuza ukanda, akautazama mgongoni. "Na pale uliponiambia, ni upande huu wa pili?"

"Upande wa pili hauna kitu. Mama Kadzo, sikukuambia. Nilijua, na sikukuambia. Ningekuambia, angekuwa hai."

Alilisema neno kwa neno, kama alivyokuwa amelipanga tangu Jumatatu. Mwanaima alimshika kiwiko, kama mtu anavyomshika mgonjwa anayetaka kuinuka kabla ya wakati.

"Usijitwike yangu, daktari," alisema. "Wewe yako uliyafanya."

Akaufunga ukanda kwenye pindo la leso, akamfuata kaka yake.

Lenah alirudi Ukunda nyuma ya pikipiki ya Jethro. Katika safari hiyo alijaribu jambo moja, kwa utulivu, kama jaribio. Alifumba macho akaurudia mlango ule wa Mei 1998. Alikuwa ameusikia ukanda mara sita. Alikuwa amelisoma daftari. Katika picha aliyoipata bado alikuwa amesimama mlangoni, bado alikuwa akisema, na kofia iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa nyekundu.

Ripoti ilikamilika Oktoba. Majedwali yote yalikuwa na wahojiwa sitini na watatu. Chini ya jedwali la kwanza, kwa herufi ndogo, Lenah aliweka tanbihi aliyoiandika na kuifuta mara nyingi kabla ya kuridhika nayo: *Mhojiwa mmoja ameondolewa kwa sababu mhoji alimpa habari zisizokuwa katika hojaji.* Aliikagua tena siku ya kuchapisha. Kila neno lilikuwa sahihi.